Land Rover 109 ya mwaka 1966: shajara ya kuirudisha barabarani

Aprili 2025

Kontena limefunguliwa na gari limetolewa kwa winchi, matairi ya mbele yakiwa hayana upepo. Ni Land Rover Series IIA, ile ndefu ya inchi 109, pikapu ya turubai, injini ya petroli ya cc 2,286, usukani kulia. Kwa miaka mingi ilibeba watu na katani kwenye shamba la mkonge upande wa Voi, kisha ikaegeshwa uani kwa mzee mmoja ambaye hatimaye alikubali kuniuzia. Sasa iko gereji kwangu, Coventry. Kiwanda kilichoiunda, Lode Lane kule Solihull, hakiko mbali na hapa.

Shajara hii itahusu usajili kuliko rangi na mapambo. Nimeona watu wakimaliza gari mpaka linang'aa, ndipo wakaanza kutafuta makaratasi. Mimi naamini mambo yanakwenda kinyume cha hapo. Gari la umri huu linasajiliwa kwa ushahidi uliomo kwenye chuma chake, na ushahidi huo huharibiwa au hulindwa siku ile ya kwanza fundi anaposhika grainda. Kwa hiyo kila uamuzi wa gereji nitauandika pamoja na karatasi inayoutegemea.

Kabla ya spana, forodha. Hapa Uingereza gari kuukuu na gari la kihistoria ni vitu viwili. Likiwa na miaka 30 au zaidi, aina yake haitengenezwi tena, na chasi, usukani, breki na injini havijageuzwa kuwa vya aina nyingine, linaweza kuingia chini ya kifungu 9705 cha orodha ya ushuru, pamoja na vitu vinavyohifadhiwa kwa thamani ya historia. Ushuru wa forodha unakuwa 0 na VAT asilimia 5. Gari la kawaida la abiria hutozwa ushuru wa asilimia 10, kisha VAT ya asilimia 20 juu ya jumla. Kwa kila pauni 1,000 za thamani, nauli ya meli ikiwa ndani, mmoja analipa pauni 50 na mwingine 320. Ndiyo sababu nilimwambia mzee asikubali fundi yeyote "anisaidie" kwa kulifunga gari injini ya dizeli ya Kijapani kabla halijapanda meli. Mtu wa kulifanya hivyo alikuwapo, na nia yake ilikuwa njema kabisa.

Baada ya forodha kuna taarifa inayoitwa NOVA. Mamlaka ya kodi, HMRC, lazima iarifiwe ndani ya siku 14 kwamba gari limeingia nchini. Bila taarifa hiyo DVLA, ambao ndio wanaotoa namba na kadi ya gari kutoka Swansea, hawaligusi ombi lako. Wakala amelimaliza, nimepata uthibitisho, nimeutia kwenye faili. Faili lina logbuku ya Kenya, karatasi ya Kenya inayoonyesha gari lilifutwa kwenye daftari ili lisafirishwe nje, hati ya mauziano, hati ya meli na risiti ya VAT. Kila kimoja nimekipiga picha pande zote mbili.

Mei

Kazi ya mwezi huu ilikuwa moja: kuisoma namba ya chasi.

Kwenye Series IIA namba iko mahali pawili. Kuna kibati kilichopigwa ribiti ndani ya kabini, na kuna namba iliyogongwa kwenye chuma cha chasi chenyewe, mbele upande wa kulia, kwenye kishikio cha springi. Kibati kinasomeka vizuri. Lakini kibati kinaweza kuhama kutoka gari moja hadi jingine, na kila anayekagua magari ya zamani analijua hilo. Chenye uzito ni kile kilichogongwa kwenye chuma.

Kishikio chenyewe kilikuwa kimefunikwa na grisi iliyokauka, juu yake vumbi jekundu la Taita limeganda kama plasta, na juu ya vumbi kuna mkono wa rangi nyeusi aliopaka mtu kwa brashi zamani. Sikutumia grainda wala brashi ya waya ya mashine. Tarakimu hizi si za kina. Chuma kikishapoteza sehemu ndogo tu ya unene wake, zinaondoka. Nilipaka dawa ya kuondoa rangi, nikasubiri, nikakwangua kwa kipande cha plastiki, nikafuta kwa kitambaa chenye thina, nikarudia. Jioni ya kwanza ilionekana 5 peke yake. Siku iliyofuata 2 ikatokea kushoto kwake na nyingine kulia. Nikainamisha taa ya mkononi ubavuni ili kivuli kiingie kwenye michirizo, na namba yote ikasomeka, mpaka herufi ya mwisho.

Tarakimu tatu za kwanza, 252, zinasema mengi: ni 109 ya petroli, usukani kulia, iliyotoka kiwandani ikiwa kamili kwa ajili ya nje ya Uingereza. Ingekuwa imepelekwa vipandevipande ikaunganishwe huko, ingeanza na 253. Hilo linaafikiana na historia, kwa sababu kiwanda cha Thika kilianza kuunganisha Land Rover katikati ya miaka ya 1970, gari hili likiwa tayari na umri wa kwenda shule.

Nimeweka karatasi nyembamba juu ya namba na kuipitishia penseli ubapa mpaka tarakimu zikajichora. Nimepiga na picha, rula ikiwa kando. Kisha nimepaka grisi safi na kufunika kishikio kwa mkanda mnene. Hakuna atakayeufungua mpaka siku ya mkaguzi.

Jambo moja limejitokeza: logbuku ya Kenya ina tarakimu zote sawasawa, ila herufi ya mwisho haimo. Ofisi nyingi za zamani ziliandika tarakimu tu. Ni tofauti ndogo, lakini nimeiandikia maelezo mapema, kabla mtu hajaniuliza.

Juni

Jumba la makumbusho ya magari ya Uingereza, Gaydon, lina nyaraka za viwanda vingi vya zamani, zikiwemo za Land Rover. Ukiwapa namba ya chasi na ada yao, wanakutolea cheti kinachoonyesha yaliyoandikwa kiwandani. Changu kimefika. Gari lilitengenezwa 1966, rangi ya kijani kibichi cha Land Rover, likapelekwa Mombasa. Cheti hiki ndicho kinachotoa tarehe, na kwenye usajili wa gari la zamani tarehe inaamua karibu kila kitu: aina ya namba utakayopewa, kodi, ukaguzi, hata rangi ya pleti.

Cheti kinataja pia namba ya injini, na si ile iliyoko kwenye gari. Nikampigia simu mzee Voi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Gari lilifika salama?"

"Lilifika, mzee, tunashukuru. Nilitaka kukuuliza habari ya injini. Namba yake haifanani na ya kiwandani."

"Haiwezi kufanana. Ile ya kwanza ilipasuka bloku, maji yalikwisha mtu akaendelea kuendesha. Tukatoa injini kwenye Land Rover nyingine ya shamba ambayo ilikuwa imepinduka. Aina moja, petroli ileile. Hatukukata chuma hata kidogo, ilikaa kwenye vikalio vyake."

Nimemwomba aniandikie maneno hayo kwa mkono, atie sahihi na tarehe ya leo. Injini iliyobadilishwa kwa injini ya aina ileile haiondoi gari kwenye kundi la kihistoria, na kwenye fomu nitaandika namba ya injini iliyopo. Kuna wanaogonga upya namba ya injini ili ifanane na cheti. Huko ni kughushi, na kunaharibu jina la gari zima, pamoja na sehemu zake zilizokuwa za kweli.

Julai hadi Septemba

Chasi. Hapa ndipo palipokula muda na pesa, na hapa ndipo nataka msomaji mwenye gari kama hili atulie.

Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu na haishiki kutu kama chuma. Chasi ni mabati ya chuma yaliyochomelewa kuwa boksi refu, na boksi hilo huoza kutokea ndani. Magari ya hapa Uingereza huliwa na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi. Langu lilikaa bara, kwenye ukavu, likapona sehemu kubwa. Nimegonga chasi nzima kwa nyundo ndogo nikisikiliza. Reli mbili kuu zinalia vizuri. Zilizooza ni boriti ya nyuma, ambako matope ya shamba yalikaa yakiwa mabichi kila masika, na mabega mawili yanayoshika bodi chini ya milango.

Kila niliyemwonyesha alinishauri ninunue chasi mpya iliyochovywa zinki. Zinauzwa, zinafaa, na aliyenunua halali usiku akiogopa kutu. DVLA hawaikatazi: chasi mpya ya vipimo vilevile vya asili, yenye risiti, inakubalika kwenye gari linalojengwa upya. Nimekataa kwa sababu moja. Gari hili halijawahi kuwa na namba ya Uingereza. Gari lililosajiliwa hapa tangu zamani lina kadi inayolitetea hata likibadilishiwa chasi. Langu linatetewa na tarakimu zile za kwenye kishikio cha springi. Nikiitupa chasi, nitabaki na kibati na bodi, na mkaguzi atakuwa na haki ya kuuliza ni gari lipi hasa ninalomwonyesha.

Nimekataa pia kuichovya chasi hii ya zamani kwenye zinki. Zinki hujaa kwenye tarakimu na kuzifukia. Tumekata palipooza mpaka tukafika kwenye chuma kizima, tumechomelea boriti mpya ya nyuma na mabega mapya ya vipimo vya kiwandani, tumepiga mchanga kuondoa kutu (kishikio cha namba kikiwa kimefunikwa kwa mpira na mkanda), kisha rangi ya epoksi nje na nta ndani ya boksi. Fundi aliyechomelea ni mtu wa hapa, hodari sana, na alinielewa haraka nilipomwambia eneo lile la mbele kulia haliguswi.

Kwa wanaofikiria kubadilisha vitu vingi, ijueni hesabu ambayo DVLA waliitumia kwa miaka mingi kwa magari yaliyogeuzwa sana. Chasi ya asili ilikuwa na pointi 5. Sasipensheni 2, ekseli 2, gia boksi 2, usukani 2, injini 1. Gari lilihitaji angalau pointi 8, na zile 5 za chasi ilikuwa lazima ziwemo. Likipungukiwa, liliweza kupewa namba ya herufi Q, ambayo humwambia kila mtu kwamba umri wake haujulikani. Tazameni injini ilivyo ya mwisho kwa uzito, ilhali ndiyo mafundi wetu huanza kuihangaikia. Tangu Agosti 2025 masharti yamelegezwa kwa anayekarabati gari ambalo tayari limesajiliwa: akitumia vipuri vya aina ileile na umbo likabaki vilevile, halazimiki kuwaarifu. Mwenye gari linaloingia mara ya kwanza bado anabeba mzigo wa kuthibitisha.

Picha za kila hatua ninazo, na nimejitahidi kila picha ionyeshe sehemu inayofanyiwa kazi pamoja na sehemu ambayo haijaguswa, ili isije ikadhaniwa ni chasi nyingine.

Oktoba

Haya yamekwenda haraka. Breki zote mpya: silinda za magurudumu, masta silinda, mabomba, viatu. Mipira ya petroli imebadilishwa kwa ile inayostahimili ethanoli, kwa sababu petroli ya kawaida hapa tangu 2021 ni E10, yenye ethanoli hadi asilimia 10, na hata hivyo gari hili nitalinywesha E5, yenye nusu ya hiyo. Nyaya za taa ni mpya. Taa kubwa sikuzigeuza; Kenya na Uingereza wote tunaendesha kushoto, mwanga unaangukia upande unaotakiwa. Spidomita nayo ni ya maili, kwani mwaka 1966 barabara za Kenya zilikuwa bado zikipimwa kwa maili. Mikanda ya viti vya mbele nimeifunga, kwa ajili ya watoto wangu kuliko kwa ajili ya sheria.

Kibati cha kabini hakikutolewa wakati wa kupaka rangi. Ribiti zake ni zilezile za 1966. Ukizitoa na kuweka mpya, umejitafutia maswali bure.

Novemba

Tangu Mei 2018 gari lililopita miaka 40, na ambalo halijafanyiwa mabadiliko makubwa ndani ya miaka 30 iliyopita, halilazimiki kupimwa MOT, ukaguzi wa usalama wa gari, kila mwaka. Kuna fomu, V112, ya kutamka hivyo. Nimeamua kulipima hata hivyo. Sheria inaniruhusu nisipime, lakini hainiruhusu kuendesha gari bovu, na mimi ndiye nitakayekaa nyuma ya usukani huo barabarani na watu wangu ndani.

Gari lisilo na namba linaweza kupimwa kwa namba ya chasi. Tulilipeleka kwa trela. Mpimaji aliipenda mara moja, akazunguka nayo muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kwenye rola za breki gurudumu la nyuma kushoto lilishika kidogo kuliko la kulia. Tukakaza kirekebishi palepale, akapima tena, zikalingana. Akatikisa magurudumu ya mbele kutafuta ulegevu kwenye bolijointi za usukani, akapima taa, honi, waipa. Limefaulu, na maelezo mawili ya kuangaliwa: mafuta yanatoka kidogo mwisho wa injini, na mpira wa kioo cha mbele umeanza kupasuka.

Bima ilikuwa rahisi nilipompata anayeshughulika na magari ya zamani. Amekubali kulikinga kwa namba ya chasi mpaka namba za barabarani zitoke, kwa thamani tuliyokubaliana kutoka picha na risiti. Thamani ya kukubaliana ni jambo la kulisisitiza. Kampuni ya kwanza niliyoiuliza ilitaka kulithamini kama gari lolote la miaka karibu 60, yaani karibu na bure.

Desemba

Mkaguzi wa klabu ya wenye Series II amekuja. DVLA huzitambua klabu maalumu zinazoweza kuandika barua ya kuthibitisha umri wa gari. Barua hiyo inakubaliwa kwa sababu aliyeiandika ameliona gari mwenyewe.

Alifungua mkanda, akapangusa grisi, akawasha taa yake ndogo. Alilinganisha tarakimu za kwenye chuma na karatasi yangu ya penseli, kisha na kibati, kisha na cheti cha Gaydon. Akalala chini akafuata reli ya chasi kwa kidole kutoka kwenye kishikio kwenda nyuma, akitafuta mahali ambapo chuma kimeungwa. Alipofika kwenye boriti mpya alisimama, akaomba picha za uchomeleaji, akazitazama moja moja. Kuhusu herufi isiyokuwemo kwenye logbuku, alisema ameiona mara nyingi kwenye magari yaliyotoka Afrika na Australia, na ameitaja kwenye barua yake. Injini ameiandika kuwa ni ya aina sahihi, si ya kwanza.

Januari 2026

Fomu ni V55/5, ya magari yaliyokwisha kutumika. Visanduku ni vingi na vingi havihusu gari la 1966. Namba za idhini za kisasa na vipimo vya moshi nimeviacha wazi. Nilivyojaza kwa makini ni hivi: namba ya chasi pamoja na herufi yake, namba ya injini iliyopo, mwaka wa kutengenezwa, rangi, na kundi la kodi, nikaandika gari la kihistoria.

Bahasha imekwenda Swansea ikiwa na fomu, ada ya pauni 55, logbuku ya Kenya halisi, cheti cha Gaydon, barua ya klabu, cheti cha MOT, nakala ya leseni yangu, na maelezo mafupi ya ukurasa mmoja kuhusu herufi na injini. Nimetuma kwa posta ya kusainiwa. Logbuku ya Kenya wakiichukua huenda isirudi, kwa hiyo nakala yake ya rangi imebaki kwangu.

Machi

Kadi imetoka. Nimeisoma herufi kwa herufi kabla ya kufurahi: chasi sawa, injini sawa, rangi kijani, kundi la kihistoria, na maelezo kwamba gari lilitengenezwa 1966 na lilitumika kabla ya kusajiliwa Uingereza. Namba waliyotupa inaishia na D, herufi ya magari ya mwaka 1966. Haiwezi kuuzwa wala kuhamishiwa gari jingine, na mimi sina haja ya kuihamisha.

Mtengeneza pleti alidai kuiona kadi pamoja na leseni yangu kabla hajakata chochote, kama sheria inavyotaka. Kwa kuwa gari lilitengenezwa kabla ya 1980 na liko kundi la kihistoria, limeruhusiwa pleti nyeusi zenye herufi za fedha. Za Kenya za miaka ile nazo zilikuwa nyeusi, na macho yangu yamelizoea gari hivyo.

Kodi ya barabara ni pauni 0, lakini lazima iombwe kila mwaka. Asiyeiomba anahesabiwa hajalipa. Birmingham, ambako tangu 2021 magari ya moshi mwingi hutozwa pauni 8 kwa siku kuingia katikati ya jiji, kundi la kihistoria halitozwi, na London, kwenye eneo kama hilo liitwalo ULEZ, ni hivyohivyo. Bima nimewapa namba mpya, wamenitumia cheti kipya siku hiyohiyo.

Kazi inayofuata ni sili ya nyuma ya injini. Mafuta yameshaanza kugusa klachi, na kuibadilisha ni lazima gia boksi ishuke. Nimeshaagiza sili, na fundi amesema tuanze Jumamosi.